Mluzi Chini ya Boneti

Kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, Chiriku aliamshwa na mkate. Hakuitwa wala hakutikiswa. Harufu ilitoka kwenye tanuri uani, ikapita chini ya mlango, ikapanda kitandani na kumshika pua, na mwili uliobaki ukafuata. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake la kweli lilikaa shuleni, kwenye daftari la mahudhurio. Nyumbani na mtaa mzima aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Aliishi na babu na bibi yake. Ua wa nyumba yao ulikuwa na wenyewe wawili. Upande wa kulia palikuwa na tanuri la matofali la Bibi, meza ya kukandia unga na masinia yaliyopangwa kwa ukubwa. Upande wa kushoto palikuwa na banda la mabati la Babu, fundi magari, ambaye spana zake zilitundikwa ukutani kila moja kwenye msumari wake. Katikati, kama mpaka wa nchi mbili zinazopendana kwa mashaka, ilisimama pikapu ya kijani iliyozaliwa kabla ya mama yake Chiriku. Babu alipomaliza kazi za wateja aliinamia pikapu hiyo mpaka chakula kinapoa. Ndiyo maana Bibi aliipa jina la Mke Mwenza.

"Mwenzangu ameamkaje?" Bibi aliuliza kila asubuhi, mikono imejaa unga.

"Mzima, Bi Mkubwa," Babu alijibu. "Anakuamkia."

"Mwambie marahaba, na leo asinitie aibu barabarani."

Chiriku na Babu walipakia mikate, Bibi akavua aproni na kushika usukani, maana dereva wa nyumba hiyo alikuwa yeye. Aliendesha amekaza macho mbele kama anayemfuata mwizi. Walipita maduka matatu, wakamalizia shule ya bweni, kisha Bibi alimshusha Chiriku kwenye lango la shule yake akiwa na vumbi la unga kichwani. Wenzake walimwambia amezeeka usiku mmoja.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumwosha Mke Mwenza. Chiriku aliuosha mwili kwa sabuni, na injini aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Babu alikuwa na imani kwamba injini chafu huficha maradhi, lakini iliyo safi ikitokwa na tone moja tu utaliona. Kwa kazi hiyo alimpa mjukuu wake sheria moja, nayo aliirudia kila Jumamosi kama kwamba ni mpya.

"Futa, usivute."

"Nimesikia, Babu."

"Kusikia si kazi. Kazi ni kutovuta."

Jumamosi moja Chiriku alikuwa anafuta huku anatafuna chingamu. Chini ya kabureta, kwenye bomba pana linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini, palikuwa na kijibomba kifupi kama kidole gumba. Zamani kilikuwa na kazi yake. Kazi hiyo ilipokwisha, Babu alikivika kikofia cha mpira ili hewa isiingie. Nyuma ya kikofia hicho palikuwa na tope lililokauka, na kitambaa hakikulifikia. Chiriku alifuta, akafuta tena, halafu akavuta.

Kikofia kilikuwa kimezeeka. Kilivunjika mkononi mwake kama biskuti, vipande vikaanguka chini, na kijibomba kikabaki kichwa wazi kinamtazama.

Alimtafuta Babu kwa jicho. Babu alikuwa langoni anazungumza na mteja. Chiriku alikitazama kijibomba, akamtazama Babu, kisha akatoa chingamu mdomoni. Aliiviringisha, akaivika juu ya kijibomba, akaifinyangafinyanga mpaka ikawa kikofia, akaipaka grisi nyeusi juu yake. Ungetazama haraka usingejua. Ungetazama polepole pia usingejua, na hapo ndipo ubaya wa mtoto mwenye mikono ya ufundi: hata uongo wake hupendeza.

Alijiambia atasema baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula akajiambia atasema jioni. Jioni Babu aliwasha injini, ikanguruma vizuri, na siri isiyopiga kelele ni rahisi kulala nayo. Jumapili gari lilipumzika, na siri nayo ikapumzika.

Jumatatu asubuhi mambo yalikuwa shwari mpaka duka la pili. Walipofika njia panda na Bibi akasimama kusubiri magari yapite, Mke Mwenza alianza kutetemeka. Masinia yakagongana huko nyuma. Usukani ukacheza mikononi mwa Bibi, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

"Kulikoni tena?" Bibi aliuliza, akawasha. Magari ya nyuma yalipiga honi. Injini ikawaka, na alipokanyaga mafuta ikaenda vizuri kana kwamba si yenyewe. Lakini kila aliposimama ilirudia kutetemeka na kukohoa. Kwenye lango la shule ya bweni ilizimika kabisa, ikabidi mlinzi na wapishi wawili waisukume.

"Mwenzangu ana homa," Bibi alisema.

Kwa kawaida Chiriku angekuwa ameshatoa maoni matano. Safari hii alitazama dirishani. Alijua joto hufanya nini kwa chingamu, maana aliwahi kuisahau moja mfukoni mwa sare siku ya jua kali.

Aliporudi kutoka shuleni alimkuta Babu amefungua boneti. Babu hakuwa mtu wa kurukia spana. Alisema fundi mzuri huanza na mdomo, mkono baadaye. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kwa kila gari lililoingia uani, liwe la tajiri au la maskini.

"Nani aligusa mwisho, na aligusa nini?"

"Mimi nimegusa usukani," Bibi alisema. "Na breki. Na honi, nisingeacha kuigusa."

Babu alimgeukia Chiriku.

"Nilifuta tu, Babu," Chiriku alisema. "Sikuvuta."

"Basi," Babu alisema, akaendelea na kazi. Hakuuliza mara ya pili. Angeuliza mara ya pili, pengine angejibiwa vingine. Aliamini hapo hapo, na kuamini huko kulimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Jumanne Babu alifungua plagi zote nne, akazipanga kwenye kitambaa na kumwita mjukuu wake.

"Zisome."

Chiriku alizisoma kama alivyofundishwa. Plagi nyeusi maana yake petroli imezidi. Plagi ya kahawia, rangi ya mkate ulioiva, maana yake mambo ni sawa. Hizi zilikuwa zimepauka.

"Hewa imezidi, Babu."

"Vizuri. Na hewa ikizidi, ni mawili. Ama kabureta ina kitundu kilichoziba, petroli haitoshi. Ama kuna hewa inaingia kwa wizi mahali isipotakiwa. Unamjuaje mwizi wa namna hiyo?"

"Anapiga mluzi."

"Anapiga mluzi. Hawezi kujizuia." Babu alimwambia Bibi awashe. Injini ikatetemeka. Babu aliinamisha kichwa chini ya boneti, akafumba macho, akasikiliza kwa sikio la kulia, kisha la kushoto. Watu walisema Babu huona kwa masikio. Miaka arobaini alikuwa ameyatibu magari hivyo, na hakuna aliyewahi kurudisha gari kwa malalamiko.

Chiriku naye alikuwa ameinama pembeni yake. Aliusikia. Chini ya mngurumo, mwembamba kama uzi, mluzi ulikuwa unatoka palepale kwenye kikofia chake: sss, bila kupumua. Alisubiri mkono wa Babu unyooke na kuonyesha mahali.

Babu alifumbua macho. "Mimi sisikii mluzi. Wewe unasikia?"

Chiriku alidhani ni mtego. Alimtazama babu yake usoni, akaona si mtego. Babu alikuwa anauliza kwa kuwa anataka kujua.

"Hapana, Babu," alisema.

Babu alimulika tochi huku na huku, akaona kikofia cheusi kipo mahali pake, hakujua kwamba chini yake kuna tundu ambalo injini imelitoboa kwa kunyonya. "Basi ni kabureta," alisema. Uongo wa kwanza wa Chiriku ulikuwa wa kujikinga. Huu wa pili ulimtuma mzee kufanya kazi isiyokuwepo.

Jumatano Babu aliifungua kabureta kipande kwa kipande, na kwa kuwa vipande vilikuwa vingi na vidogo, alivipanga kwenye sinia. Sinia lilikuwa la Bibi.

"Mzee, hilo ni sinia la maandazi ya harusi," Bibi alisema, amesimama na mwiko.

"Nitaliosha."

"Utaliosha kwa petroli, kisha maharusi wawashwe kama taa."

Babu alipuliza kila kitundu, akakichungulia kwenye mwanga wa jua, akakipuliza tena. Vilikuwa safi. Aliifunga kabureta, akawasha, Mke Mwenza akatetemeka vilevile. Alizungusha skrubu moja robo, nyingine nusu. Akazidi kutetemeka. Alhamisi aliifungua tena, na baada ya chakula akaifungua mara ya tatu, kimya, bila kumwita mtu kusoma chochote.

Siku hizo mikate ilikwenda kwa toroli. Bibi aliomba la jirani, na Chiriku akalisukuma kabla ya kwenda shule, gurudumu lake likilia kama linaonewa. Walichelewa kila mahali. Shule ya bweni mwanafunzi mmoja alimweleza Chiriku kwamba wamekunywa chai kavu, akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyekula mikate. Chiriku aligeuza toroli. Mikono ilimuuma, na alifurahi kidogo kwamba inauma. Lakini adhabu isiyojua kosa lake haimponyi mtu.

"Chiriku amenyamaza siku nne," Bibi alimwambia mumewe Alhamisi jioni wakati wa kula. "Mtoto akinyamaza hivyo, nenda ukahesabu sukari."

"Anasikitika juu ya gari," Babu alisema. "Ana moyo mzuri."

Chiriku aliinuka kwenda kuosha sahani yake.

Ijumaa alipotoka shuleni aliona jambo ambalo hakulitarajia. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya banda lake, na spana zote zimeshuka ukutani. Misumari ilikuwa mitupu. Babu alikuwa anaziokota moja moja, anaifuta kila moja kwa kitambaa, anaifunga kwenye gazeti na kuilaza kwenye sanduku la mbao.

"Unazipanga upya, Babu?"

Babu hakuinua kichwa. Chiriku alisogea mbele yake na kuuliza tena.

"Nampelekea yule kijana wa gereji ya barabarani," Babu alisema. "Ana mikono mizuri, hana vifaa. Kesho atakuja kumchukua Mke Mwenza naye, amwangalie."

"Lakini wewe ndiye fundi."

"Nilikuwa." Aliifuta spana ambayo tayari ilikuwa inang'aa. "Mwokaji akifika mahali ambapo mkate unaungua naye hanusi, akae pembeni. Nimeifungua kabureta ile mara tatu. Sioni ugonjwa. Nasikiliza, sisikii ugonjwa. Gari langu mwenyewe, mjukuu wangu, nililolijua kabla ya kumjua mama yako. Basi ni mimi ndiye niliyekwisha, si gari. Si vibaya. Kila mtu ana siku yake."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Chiriku angeona afadhali angegomba. Alitazama misumari mitupu, kila mmoja umeacha alama yake ya mafuta ukutani, akajua kwamba asiposema sasa hivi hatasema tena maisha yake yote, na babu yake atabaki kuamini jambo la uongo juu ya nafsi yake.

"Babu, si wewe," alisema. "Ni mimi."

"Eh?"

"Ni mimi. Nilivuta."

"Ulivuka? Ulivuka wapi?"

Watoto wengine huungama kwa kunong'ona, wakafutwa machozi na mambo yakaishia hapo. Chiriku hakupewa nafasi hiyo. Alivuta pumzi.

"Nilivuta kikofia cha mpira, kikavunjika," alisema kwa sauti ya kusoma mbele ya darasa. "Nikaweka chingamu."

"Uliweka nini?"

"Chingamu, Babu. Chingamu," alipaza sauti, na ng'ambo ya ukuta jirani aliacha kuchapa mkeka wake. Bibi alitokea mlangoni mwa jiko. "Nikaipaka grisi ionekane mpira. Imeyeyuka. Hewa inaingia pale. Uliponiuliza nikasema sikuvuta, na nilivuta. Uliponiuliza kama nasikia mluzi nikasema sisikii, na ninausikia tangu Jumanne."

Sasa alikuwa analia, lakini alikuwa amemaliza.

Babu aliweka spana chini. Chiriku alisubiri hasira, na kwa hakika ilipita usoni mwa mzee, aliiona. Kisha Babu alinyanyuka, magoti yakalalamika, akatembea mpaka kwenye gari akafungua boneti.

"Bi Mkubwa, washa," alisema. Kwa Chiriku alisema, "Kunja mikono ya shati. Kaa mbali na feni. Injini bado baridi, haitakuunguza. Ondoa hicho kitu chako."

Bibi aliwasha. Mke Mwenza akatetemeka kwa nguvu zake zote. Chiriku alipenyeza mkono, akabandua ile chingamu ngumu nyeusi, na mara injini ikazidi kukohoa, karibu izimike.

"Ziba kwa kidole."

Aliweka ncha ya kidole juu ya kijibomba. Kitu kilimnyonya kidole kama mtoto anyonyavyo, na hapo hapo gari zima likatulia. Boneti iliacha kulia. Kioo kiliacha kucheza. Mngurumo ukawa mmoja, mnene, wa kuendelea. Babu alikuwa ameweka kiganja juu ya bodi ya gari, na Chiriku aliona mabega yake yakishuka.

"Toa," Babu alisema. Gari likatetemeka. "Ziba." Likatulia. "Toa. Ziba." Alifanya hivyo mara nne, zaidi ya zilizohitajika.

"Umeona?" alimwambia Chiriku, akimsogelea. "Kabureta inapima hewa na petroli kama Bibi yako anavyopima maji na unga. Sasa fikiria ameshapima, amekanda, halafu mtu anapita nyuma yake anamwagia kikombe cha maji. Atalaumu unga, atalaumu hamira, atalaumu moto. Hatajua mpaka amwone aliyemwaga. Ukikanyaga mafuta, gari linavuta hewa nyingi, na kile kikombe kimoja hakionekani. Likisimama, linavuta kidogo, ndipo kikombe kinapoharibu."

"Ndiyo, Babu."

"Na ulikuwa unasikia mluzi?"

"Hata sasa nikitoa kidole nausikia. Sss. Wa juu sana."

"Nyamaza tuusikilize. Toa."

Chiriku alitoa kidole. Mluzi ulikata hewa waziwazi. Babu aliinamisha sikio mpaka karibu liguse injini. Alikaa hivyo, na Chiriku, ambaye kwa siku sita alikuwa anafikiria siri yake peke yake, alielewa polepole kwamba uani kulikuwa na siri nyingine.

"Babu, husikii?"

Babu aliinua kichwa. Bibi alizima gari na kushuka.

"Sauti nene nasikia," Babu alisema hatimaye. "Nyembamba zimenihama. Birika likipiga mluzi naona mvuke tu. Nilidhani ni birika limeharibika, kisha nikadhani zitarudi."

"Tangu lini?" Chiriku aliuliza.

"Mwaka na kitu," Bibi alijibu badala yake. "Nimekuwa nikimngoja aseme mwenyewe. Mwaka mzima namsengenya mbele ya macho yake kwa sauti ya chini, anatabasamu, anasema asante mke wangu."

Babu alimgeukia. "Ulikuwa unasema nini?"

"Mambo ya kweli," Bibi alisema, akajifuta mikono kwenye aproni. Lakini alimsogelea mumewe akamshika mkono, akaongeza kwa sauti ya kutosha, "Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia tungekuwa tumekwenda hospitali zamani."

"Fundi anayeona kwa masikio atawaambia watu nini?"

"Atawaambia hasikii vizuri, aseme tena. Hata mimi nina miwani."

Babu alikaa kwenye ngao ya mbele ya gari. Alimwita Chiriku asimame mbele yake.

"Kuvunja kikofia si kosa kubwa," alisema. "Kilikuwa kimezeeka, kingevunjika hata mkononi mwangu. Ungeniambia Jumamosi, ingekuwa kazi ya dakika tano na ungefokewa kwa dakika mbili. Kosa lako ni hili: nilikuuliza mara mbili, na mara zote mbili ulinipa uongo nikautumia kama spana. Fundi akipewa neno la uongo atafungua kisichoharibika. Nimefungua kabureta. Leo nilikuwa nafungua maisha yangu."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe ulipopaza sauti mara ya tatu. Mwongo angeishia mara ya kwanza, akashukuru kwamba mzee ni kiziwi." Alimpangusa shavu kwa kidole, akamwachia alama ya grisi. "Adhabu ipo palepale. Kesho utakwenda shule ya bweni, utamwambia mpishi mkuu kwa nini wamekunywa chai kavu. Wewe mwenyewe, si Bibi yako."

Chiriku alikubali, ingawa afadhali angepewa toroli lingine.

Babu alikata kipande cha mpira wa kupitishia petroli, akaziba upande mmoja kwa bolti, akamwachia Chiriku akivike kwenye kijibomba na kukikaza kwa klipu. Kazi hiyo haikuchukua dakika tano. Iliyochukua muda ni kurudisha skrubu zote ambazo Babu alizikoroga wiki nzima. Walizirudisha pamoja. Babu aliweka kiganja juu ya injini na kuzungusha, Chiriku akasikiliza na kusema imepanda, imeshuka, rudi kidogo, hapo hapo. Bibi alikaa nyuma ya usukani akikanyaga na kuachia alipoambiwa, akisema maisha yake yote hakufikiri atakuja kumuuguza mke mwenza.

Kabla jua halijazama spana zilikuwa zimerudi kwenye misumari yake.

Jumamosi mikate ilifika maduka yote ikiwa ya moto, na kwenye njia panda Mke Mwenza alisimama bila kutetemeka. Shule ya bweni Chiriku alimweleza mpishi mkuu kila kitu, pamoja na chingamu. Mpishi, mwanamke mpana asiyecheka ovyo, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ashushe masinia na asionekane akitafuna kitu jikoni kwake. Ikawa imekwisha.

Jumatatu baada ya shule Chiriku alimsindikiza Babu hospitali. Hilo lilikuwa wazo la Bibi. Alisema mzee akienda peke yake atamwambia muuguzi amekuja kutengeneza gari la wagonjwa.

Muuguzi alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. "Shikamoo, mzee. Masikio yako yanasikia vizuri?"

Chiriku alimwona Babu akijiweka sawa kwenye kiti, kifua mbele, tabasamu lile la kuwapokelea wateja. Akafungua kinywa, akakaa hivyo kidogo, kifua kikarudi mahali pake.

"Marahaba," alisema. "Hapana, mwanangu, hayasikii vizuri. Sema kwa nguvu kidogo."

Muuguzi alimchungulia masikio kwa kitaa kidogo. Aliyasafisha, akatoa nta ambayo Babu alitaka kuondoka nayo aonyeshe nyumbani, akakatazwa. Alieleza kwamba sehemu ya usikivu itarudi, na sehemu pengine haitarudi, kwa sababu miaka arobaini ya kugonga vyuma bila kuziba masikio si mchezo. Alimwandikia aende kwa daktari wa masikio, na akamwambia Chiriku kwamba wote wawili wavae viziba masikio wakati wa kugonga au kusaga chuma. "Mngekuja mwaka jana ingekuwa bora," alisema. "Lakini leo ni bora kuliko mwakani."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Babu alitembea polepole, akigeuza kichwa kila ndege alipolia.

"Nimekufokea wewe peke yako," alisema, "na haikuwa haki. Wewe ulificha siku sita, mimi zaidi ya mwaka. Sisi wote tulidhani jambo likifunikwa vizuri limetengenezwa. Injini haina aibu hiyo, mjukuu wangu. Ikiumwa inatetemeka mbele za watu, katikati ya njia panda, mpaka isaidiwe. Ukikosea, sema kosa lingali moto. Ukiumwa, sema mapema. Ukweli unauma mara moja, kisha kazi inaanza."

"Ndiyo, Babu."

"Sasa niambie, na usinifiche. Nilipokuwa nazungumza na yule muuguzi, nilikuwa napiga kelele?"

Chiriku alifikiri jibu la adabu, akaliacha.

"Ndiyo, Babu. Ulipotaja umri wako, wagonjwa waliokaa nje walikupa pole."

"Vizuri," Babu alisema, akamshika mkono wavuke barabara. "Uwe unaniambia hivyo hivyo."